Viambato laini au vikali? Namna ya kuchagua vipodozi vya Kikorea vya kupunguza makunyanzi

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninafungua uzi huu kwa sababu kuna swali linalojirudia kila mara, na majibu yake hutolewa kwa mstari mmoja au miwili ambayo haimsaidii muulizaji: mtu anayetaka kupunguza makunyanzi kwa kutumia vipodozi vya Korea Kusini achague retinoli, aina ya vitamini A ambayo ni kali, au abaki na viambato laini kama adenosini (kiambato kilichomo kiasili katika seli za mwili), naiasinamaidi (aina ya vitamini B3), na mimea ya jinsengi na sentela? Mimi ni mfamasia, ninahudumu katika duka la dawa, na swali hili huletwa dirishani na akina mama, mabinti, na siku hizi hata akina baba.

Nitaje msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, inayoishi chini ya jua la huku kwetu, wengi waanze na viambato laini, na retinoli iongezwe baadaye, kwa kiwango kidogo, baada ya mtu kuzoea kupaka kinga ya jua kila asubuhi. Sisemi hivyo kwa kuamini kwamba viambato laini vina nguvu sawa na retinoli. Havina. Ninasema hivyo kwa sababu ya gharama ambayo ngozi yetu hulipa inapoungua, na nitaieleza.

Tuanze na Korea kwenyewe, maana bila kuelewa utaratibu wao mtu hawezi kusoma boksi akalielewa. Korea ilitenganisha sheria ya vipodozi na sheria ya dawa, na sheria hiyo mpya ilianza kutumika mwaka 2000. Ndani yake kuna kundi la vipodozi vyenye kazi maalumu, na kupunguza makunyanzi ni mojawapo ya kazi hizo. Kampuni haiwezi kuandika dai hilo kwenye boksi mpaka bidhaa ipite kwa mamlaka, ambayo leo ni Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa. Orodha ya viambato vya makunyanzi ambavyo wizara imekwisha kuvitambua pamoja na viwango vyake ni fupi mno: retinoli, IU (vipimo vya kimataifa vya vitamini) 2,500 kwa gramu, retinili palmitati, ambayo pia ni ya ukoo wa vitamini A, IU 10,000 kwa gramu, adenosini, asilimia 0.04, na aina moja ya retinamidi, ndugu mwingine wa vitamini A aliyetengenezwa maabara, asilimia 0.05 hadi 0.2. Kampuni yenye kiambato kingine inaruhusiwa kuleta ushahidi wake, lakini njia hiyo ni ndefu na ya gharama, kwa hiyo nyingi hutumia vilivyomo kwenye orodha.

Hizo IU zisimtishe mtu. IU moja ni mikrogramu 0.3 za retinoli, kwa hiyo IU 2,500 ni mikrogramu 750 katika gramu moja ya krimu, yaani asilimia 0.075. Kampuni ya Amorepacific, kupitia chapa yake ya IOPE, ilianza kuuza krimu iliyobeba namba hiyo ya 2500 katika jina lake mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo dhana kwamba Wakorea hutumia vitu laini pekee na kwamba retinoli ni ya Wamarekani haina msingi. Wamekuwa nayo muda mrefu. Walichozoea ni kuiweka kwa kiwango kidogo na kuizungushia vitu vya kutuliza.

Matokeo ya utaratibu huo ni kwamba maboksi mawili yanaweza kukaa rafu moja yakiwa na dai lilelile la kupunguza makunyanzi, moja likiwa na adenosini, ambayo hata mwenye ngozi nyepesi kudhurika huivumilia vizuri, na jingine likiwa na retinoli, inayoweza kumbabua mtu huyohuyo ndani ya siku chache. Sehemu ya mbele ya boksi haitakuonya. Jibu liko nyuma, kwenye orodha ya viambato, ambayo Korea imeifanya kuwa ya lazima tangu mwaka 2008.

Chukua seramu yoyote ya kawaida ya Kikorea uigeuze. Maandishi ni madogo kiasi kwamba wengi wetu huyapiga picha kwa simu na kuyakuza. Mwanzoni utakuta maji, gliserini, na mara nyingi naiasinamaidi. Ukishuka chini kabisa, karibu na vihifadhi, utakuta adenosini. Wateja wengi hudhani kwamba kiambato kilichoandikwa mwishoni kimewekwa kwa ajili ya jina tu. Kwa viambato vingi dhana hiyo ni sahihi. Kwa adenosini si sahihi, kwa sababu kiwango chake kinachotambuliwa ni hiyo asilimia 0.04, na viambato vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote. Retinoli nayo utaikuta hukohuko chini. Lakini jinsengi iliyochorwa kubwa mbele ya boksi, ukiikuta mwishoni mwa orodha, hapo una haki ya kuuliza unalipia nini.

Sasa kwa nini retinoli huitwa kali? Retinoli ni aina ya vitamini A. Ikishapakwa, ngozi huibadilisha kwanza kuwa retinali, kisha kuwa asidi ya retinoiki, na ni hiyo asidi inayoingia kwenye kiini cha seli na kutoa amri: seli za juu zijisasishe haraka, kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, itengenezwe kwa wingi, na vimeng'enya vinavyoivunja kolajeni vipungue. Kila hatua ya kubadilishwa hupunguza nguvu. Ndiyo maana retinili palmitati, iliyo hatua moja nyuma ya retinoli, ndiyo laini katika ukoo huo. Retinali ina nguvu kuliko retinoli. Na tretinoini, ambayo ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe, ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na Korea hairuhusu iwekwe katika vipodozi. Nguvu na ukali hapa vinatembea pamoja: kinachoharakisha ngozi kujisasisha ndicho kinachoikausha, kuichubua na kuifanya ichonyote, hasa katika wiki za mwanzo.

Viambato laini hufanya kazi kwa njia tofauti, na visiwekwe vyote kapu moja. Naiasinamaidi ndiyo ninayoiamini zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilihusisha wanawake 50 waliopaka naiasinamaidi ya asilimia 5 kwa wiki 12, na mistari midogo, madoa na wekundu vilipungua, ngozi ikawa na mnyumbuko zaidi. Kiambato hicho huisaidia ngozi kutengeneza mafuta yake ya asili yanayoilinda, na hupunguza usafirishaji wa rangi kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Korea inakitambua, kwa asilimia 2 hadi 5, katika kundi la kufifisha madoa. Msomaji asichanganye jambo hili na mkorogo. Naiasinamaidi haichubui wala haiui seli za rangi.

Sentela, ambayo kwenye vifungashio huitwa sika, ni mmea unaopatikana pia Madagaska, na chapa kadhaa za Kikorea hutangaza kwamba zao limetoka huko. Nchini Korea, kampuni ya dawa ya Dongkook imekuwa ikiuza mafuta ya vidonda yenye sentela tangu mwaka 1970, kwa hiyo watu wake waliifahamu kama dawa ya kidonda kabla ya kuifahamu kama kipodozi. Hutuliza vizuri. Kwa upande wa makunyanzi, ikiwa peke yake, ushahidi wake ni mwembamba, na jinsengi ninaiweka karibu nayo: inapendwa, ina historia ndefu, lakini mtu asiinunue akitarajia matokeo ya retinoli.

Nirudi kwenye gharama niliyoitaja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulipima miale inayopenya tabaka la juu la ngozi, na ukakuta kwamba katika ngozi nyeusi hupita wastani wa asilimia 7.4 ya miale ya jua iitwayo UVB, ilhali katika ngozi nyeupe hupita asilimia 24. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inatulinda, na ndiyo sababu mistari midogo ya kona za macho huchelewa kwetu. Dalili ya umri inayotutangulia wengi ni rangi isiyolingana: mashavu kuwa na kivuli, paji la uso kuwa jeusi kuliko kidevu, madoa ya chunusi yasiyoondoka. Melanini hiyohiyo ndiyo inayoitikia kila mchubuko kwa kuacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Mtu akianza na retinoli kali, akababuka, akabaki na madoa mashavuni, atakuwa amejiongezea ile dalili aliyokusudia kuipunguza. Ngozi za Wakorea pia, ingawa ni nyeupe kuliko zetu, hushika madoa kwa urahisi baada ya kuungua, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wavumilie mwendo wa polepole, nasi tunanufaika nao.

Kuna kundi moja ambalo kwangu halina mjadala. Ni wale waliowahi kutumia mkorogo, au zile krimu za tyubu zenye steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, au zenye haidrokwinoni ya kuondoa rangi, zinazouzwa mitaani kama mafuta ya kawaida. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi hiyo ikipakwa retinoli huungua. Aliye katika hali hiyo asiguse kiambato kikali chochote kwanza. Aonane na daktari wa ngozi, kwa sababu hata kuiacha ghafla steroidi kuna madhara yake, na katika kipindi hicho atumie sabuni isiyokausha, krimu nzito isiyo na manukato, na kinga ya jua.

Kinga ya jua ndiyo sharti la yote. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: waliopangiwa kupaka kila siku hawakuonyesha ongezeko la kuzeeka kwa ngozi linaloweza kupimika, na dalili zao zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko za waliopaka kwa hiari yao. Anayenunua retinoli ya bei kubwa na kuacha kinga ya jua anautupa ushahidi huo wote. Karibuni kwa michango na maswali.

Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante sana, dada, kwa maelezo yaliyotulia. Mimi nina miaka 36 na ngozi yangu ina mafuta. Dukani nimeonyeshwa seramu mbili za vitamini C kutoka Korea, moja ya Klairs yenye asilimia 5, na nyingine ya By Wishtrend yenye asilimia 21.5. Muuzaji ameniambia ile ya pili ni bora kwa sababu ina nguvu mara nne. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Dada wa Mombasa, namba kubwa ya vitamini C haiendi sambamba na faida kubwa. Vitamini C halisi, yaani asidi ya askobiki, hupenya ngozi pale mchanganyiko wake unapokuwa na uchachu wa pH iliyo chini ya 3.5, na utafiti wa mwaka 2001, uliofanywa kwa ngozi ya nguruwe, ulionyesha kwamba ufyonzaji hufikia kilele kwenye asilimia 20. Ukivuka hapo huongezi kinachoingia. Kinachoongezeka ni uwezekano wa kuchonyota.

Asilimia 5 nayo isidharauliwe. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wanawake 20 waliotumia kwa miezi sita krimu yenye vitamini C ya asilimia 5 pamoja na asilimia 0.1 ya madekasosaidi, kiungo kinachotokana na sentela, na makunyanzi, mnyumbuko na unyevu wa ngozi zao vikaboreka. Huo ni mfano wa wazi wa vitu viwili laini kufanya kazi pamoja, na kama ningekuwa wewe ningeanza na hiyo ya asilimia 5, asubuhi, kabla ya kinga ya jua. Jambo moja kuhusu joto la pwani: asidi ya askobiki huharibika kwa joto, hewa na mwanga, na ikiharibika hugeuka kuwa ya manjano iliyokolea na kisha kahawia. Kabla ya kulipa, omba ufunguliwe chupa ya kujaribia uitazame rangi yake. Ukifika nyumbani iweke kwenye friji. Retinoli pia haipendi joto wala mwanga, kwa hiyo kopo lililokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana usilinunue hata likishushwa bei.

Mchangiaji (Minnesota)

Ninaheshimu mawazo yako, mfamasia, lakini nitofautiane nawe. Nina miaka 47, ninaishi Marekani, na daktari wangu aliniandikia tretinoini baada ya mimi kuzunguka na seramu za konokono na jinsengi bila kuona badiliko. Ushahidi wa tretinoini kwa ngozi iliyozeeshwa na jua ulianza kuchapishwa na daktari wa ngozi Kligman na wenzake mwaka 1986, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha krimu yake kwa kazi hiyo. Hakuna kiambato laini chenye historia kama hiyo. Ninahofia kwamba ushauri wa kuanza na laini unawafanya watu wapoteze miaka ambayo wangekuwa wanajenga kolajeni.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sina sababu ya kuipunguza. Kwa makunyanzi yaliyokwisha kujichora, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40, ukoo wa vitamini A ndio wenye ushahidi mkubwa kuliko vipodozi vingine vyote, na mtu wa umri huo mwenye ngozi nzima asikawie kwenye viambato laini kwa miaka kumi akisubiri muujiza. Hapo tuko pamoja.

Tunapotofautiana ni kwenye mazingira. Wewe uliandikiwa dawa na daktari aliyekuona, akakupangia kiwango, na bila shaka akakuambia urudi. Anayeniuliza mimi dirishani mara nyingi ameagiza mtandaoni, hana wa kumrudia, anatembea kwenda kituo cha daladala saa sita mchana, na kinga ya jua hana. Kwake yeye kuchelewa miezi mitatu ni hasara ndogo. Miezi hiyo mitatu akiitumia kujizoesha kinga ya jua na naiasinamaidi, retinoli itamkuta na ngozi yenye uwezo wa kuipokea.

Akifika hapo, hivi ndivyo ninavyomwelekeza. Aanze na retinoli ya asilimia 0.1 au chini ya hapo, usiku, mara mbili kwa wiki. Uso ukauke kabisa baada ya kunawa. Kwanza apake mafuta ya mgando, kidogo sana, kwenye pembe za pua, pembe za mdomo na ukingo wa macho, kwa sababu krimu huteleza ikajikusanya humo, na ndimo michubuko huanzia. Kisha krimu ya kulainisha, halafu retinoli kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, halafu krimu tena. Ngozi ikikauka kidogo na kutoa magamba membamba, hiyo ni hali ya kawaida. Aruke usiku mmoja au miwili. Ikiwaka moto, ikivimba au ikitoa upele unaowasha, aache kabisa. Wiki 12 ndizo za kuanza kuhukumu, kwa picha zilizopigwa mahali pamoja na kwa mwanga uleule, maana kioo cha bafuni kila asubuhi hakionyeshi badiliko la polepole.

Mchangiaji (Nairobi)

Ninanyonyesha mtoto wa miezi mitano, na wakati wa ujauzito nilipata madoa makubwa ya kahawia mashavuni. Rafiki ameniambia bakuchioli ni retinoli ya mimea na haina madhara. Naomba mwongozo.

Mwanzisha uzi

Hongera kwa mtoto, mama. Bakuchioli hutolewa kwenye mbegu za mmea unaotumika katika tiba za asili za India, na licha ya hilo jina la retinoli ya mimea, si vitamini A. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa ngozi wa Uingereza lilichapisha jaribio la watu 44: kundi moja lilipaka bakuchioli ya asilimia 0.5 asubuhi na jioni, jingine retinoli ya asilimia 0.5 mara moja kwa siku. Baada ya wiki 12 makunyanzi na madoa yalipungua katika makundi yote mawili bila tofauti ya maana, na waliotumia retinoli walilalamikia magamba na kuchonyota zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo, ila watu 44 ni wachache, na jaribio la wiki 12 halilingani na miongo ya tafiti za vitamini A. Ninaiheshimu bakuchioli kama chaguo la kati kwa asiyeivumilia retinoli.

Kwako wewe, hata hivyo, siyo ya kwanza, kwa sababu madoa yako yanahitaji kinga ya jua kabla ya kitu kingine. Ukoo wa retinoli huepukwa katika ujauzito, na wengi wetu tunashauri kuuacha pia wakati wa kunyonyesha. Madoa ya aina yako huchochewa na homoni pamoja na mwanga, ukiwemo mwanga wa kawaida unaoonekana, na kinga ya jua isiyo na rangi haiuzuii vizuri mwanga huo. Tafuta kinga ya jua yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, inayofanana na ngozi yako. Uongeze naiasinamaidi, na ukitaka kitu chenye nguvu kidogo uliza kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo madaktari huitumia hata kwa wajawazito na ambayo sasa ipo katika seramu kadhaa za Kikorea. Mweleze daktari wako au muuguzi wa kliniki kila unachopaka.

Mchangiaji (Kigali)

Naomba na mimi niulize kuhusu vitu viwili vinavyotangazwa sana: seramu zenye vinasaba vya samaki salmoni, na zile barakoa za kolajeni za kulala nazo. Je, ni laini au kali? Pia nimeona seramu ya Reedle Shot ya chapa ya VT yenye namba 100, 300 na kuendelea. Je, naweza kuichanganya na retinoli?

Mwanzisha uzi

Salmoni na kolajeni ni laini, na tatizo lao liko kwenye kupenya. Wataalamu wa ngozi hutumia kipimo cha jumla kwamba molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi nzima kwa shida. Retinoli ina daltoni 286, adenosini 267, naiasinamaidi 122. Kolajeni ina takriban daltoni 300,000, na vinasaba vya salmoni navyo ni vikubwa mno kupita vyenyewe. Umaarufu wa salmoni Korea ulitokana na sindano za kliniki kama Rejuran, ambazo daktari huingiza ndani ya ngozi. Dawa ya sindano ikihamishiwa kwenye chupa ya seramu, ushahidi wa sindano hauhami nayo. Barakoa ya kolajeni itakupa unyevu na uso uliojaa asubuhi, na kwa siku ya harusi hilo ni jambo jema. Makunyanzi hayaondoi.

Reedle Shot ni habari nyingine. Ndani yake mna visindano vidogo mno vinavyotokana na sponji wa baharini, vinavyochoma tabaka la juu na kufungua njia kwa vitu vingine, na namba ikipanda visindano huwa vingi zaidi. Kwa hiyo kitu chochote utakachopaka baada yake kitaingia kwa nguvu kuliko kawaida, na kitu hicho kikiwa retinoli, vitamini C kali au asidi ya kuchubua kama ya glaikoliki, unajitafutia jeraha. Usiku wa Reedle Shot paka krimu ya kutuliza pekee. Mwenye historia ya madoa meusi ninamshauri asiende zaidi ya namba 100, na kwa maoni yangu binafsi angeweza kuishi bila hiyo pia.

Mchangiaji (Dodoma)

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 51, na sina subira ya chupa saba. Mke wangu ndiye aliyenielekeza kwenye uzi huu. Kama nikinunua kitu kimoja tu, kiwe kipi? Na nitajuaje kama si bandia au kimeisha muda?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, swali lako lina mantiki, na kazi yako inalipa jibu uzito wa pekee. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England lilichapisha picha ya mwanaume wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande mmoja wa uso wake, ule wa dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi iliyonenepa. Upande wa pili ulionekana wa mtu mdogo kwa miaka mingi. Kioo cha pembeni huzuia UVB lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA, aina nyingine ya miale ya jua, na UVA ndiyo inayoingia ndani na kuharibu kolajeni. Yeye aliathirika kushoto kwa sababu ya namna Marekani inavyoendesha. Wewe mwenzangu chunguza shavu lako la kulia.

Kitu kimoja, basi, ni kinga ya jua ya Kikorea yenye SPF 50 (kipimo cha kinga dhidi ya UVB) na PA (kipimo cha kinga dhidi ya UVA) yenye alama nne za kujumlisha, na uchague ile ambayo orodha yake ina adenosini na naiasinamaidi. Zipo nyingi, kwa sababu Korea inaruhusu kinga ya jua kusajiliwa kwa kazi za ziada za makunyanzi na madoa, na nyingi hutumia vichujio visivyoacha weupe kwenye ngozi yetu. Minya mistari miwili, mmoja kwa urefu wa kidole cha shahada na mwingine wa kidole cha kati. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Paka kabla ya kuwasha gari, urudie unaposimama kula mchana, na usiusahau upande wa kulia wa shingo, sikio na mkono unaouweka dirishani. Tyubu usiiache juu ya dashibodi.

Kuhusu tarehe, Wakorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe ikifuatiwa na maandishi haya, 까지, ni ya mwisho wa matumizi. Ikifuatiwa na haya, 제조, ni ya kutengenezwa, na hapo utafute ya mwisho karibu yake. Watu wengi wametupa bidhaa nzima kwa kusoma ya pili wakidhani ni ya kwanza. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye tyubu, zikitofautiana usinunue. Na bei ikiwa nusu ya ile uliyoiona madukani kwingine, mwulize muuzaji ameipata wapi kabla hujatoa pesa.